Somo: Eropleni ya Topido Iliyotokana na Ajali

Msomaji aliyepata kusimama kando ya Ziwa Nakuru amewaona heroe wakiondoka majini. Hawaruki palepale kama njiwa. Kwanza hugeukia upepo unakotoka, kisha hukimbia juu ya maji, shingo zimenyooka, mpaka mabawa yapate nguvu ya kuwainua. Kiinuacho bawa ni upepo ulipitao, na ndege mzito hutaka upepo mwingi. Ukilifahamu jambo hili, utaifahamu shida waliyokuwa nayo Waingereza baina ya vita vikuu viwili, walipotafuta eropleni iwezayo kuondoka juu ya manowari huku imebeba topido.

Topido ni kombora lenye umbo la samaki, lenye mtambo na rafadha yake, liendalo chini ya maji na kuipasua meli ubavuni. Zile zilizochukuliwa na eropleni zilikuwa na uzito wa ratili 1,600 hivi, yaani magunia manane ya mahindi. Mzigo huo uinuliwe kutoka sitaha ya meli! Manowari iitwayo Illustrious, kwa mfano, ilikuwa na urefu wa futi 740 hivi, na sehemu ya nyuma ya sitaha ilijaa eropleni zingojeazo zamu. Kwa hiyo nahodha aliigeuza meli kuelekea upepo na kuikimbiza. Meli ikienda maili 30 kwa saa, na upepo ukivuma maili 10, eropleni ilikwisha pata upepo wa maili 40 kabla gurudumu halijazunguka. Tena ilipewa jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, ili ipate eneo kubwa la kuinuliwa bila kuwa pana mno. Na mabawa hayo yalikunjwa nyuma ili iingie katika ghala chini ya sitaha.

Makampuni mengi yalijaribu. Kila moja lilitengeneza eropleni ya mfano, nayo ikapimwa na wakubwa wa Serikali. Mwaka 1926 Ripon ya Blackburn ilishindana na Harrow ya Handley Page na Buffalo ya Avro, na Ripon ikachaguliwa. Mifano mingi haikuagizwa kamwe. Kazi ya wahunzi na wachoraji ikaishia hapo.

Mwaka 1933 kampuni ya Fairey ilirusha mfano wake, T.S.R. I. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, katika majaribio, eropleni hiyo ilianza kuzunguka kama pia huku ikishuka, na usukani haukuweza kuizuia. Rubani, Chris Staniland, aliruka kwa mwavuli akaokoka, eropleni ikavunjika. Wahandisi wangaliweza kuiacha. Badala yake waliurefusha mwili wake upande wa nyuma, ili mkia uwe na nguvu zaidi ya kuirudisha katika mwendo wa sawa. Na kwa kuwa uzito ulikuwa umehama, wakayaelekeza mabawa ya juu nyuma kidogo. Mfano mpya, T.S.R. II, uliruka tarehe 17 Aprili 1934. Ndio ulioitwa Swordfish, yaani samaki nduaro.

Ilikuwa eropleni ya polepole, yenye mwendo wa maili 140 hivi kwa saa, na vijana wengi waliicheka. Lakini usiku wa Novemba 1940, Swordfish 21 kutoka Illustrious ziliishambulia bandari ya Taranto, zikaharibu manowari kubwa tatu za Italia, na mbili tu hazikurudi.

Katika miaka 1941 hadi 1943, uwanja wa Nakuru, ulio juu kiasi cha futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, ulikuwa na shule ya marubani wa Blenheim, eropleni ya injini mbili na jozi moja tu ya mabawa. Kwa hewa nyepesi ya nchi ya juu, eropleni huhitaji uwanja mrefu. Pale hapakuwa na meli ya kugeuzwa kuelekea upepo. Swordfish zilikuwa na kazi yao baharini. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 zile za Illustrious ziliishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikazamisha meli yenye silaha Bougainville na nyambizi Bévéziers. Baadaye askari wa K.A.R., pamoja na kikosi cha tano cha Kenya, walipelekwa kisiwani humo, na mwezi wa Septemba wakauendea mji mkuu. Mwaka huohuo Kilindini ilikuwa makao ya manowari za Mashariki, na karakana ya eropleni za baharini mjini Nairobi ikapewa jina la Korongo.

Hata hivyo polepole ina gharama yake. Rubani wa topido hana budi kushuka karibu na maji na kwenda moja kwa moja, bila kuyumba, ili kombora liingie vema. Tarehe 12 Februari 1942, mchana, katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, Swordfish sita ziliongozwa na Eugene Esmonde dhidi ya manowari za Kijerumani zilizolindwa na eropleni nyingi. Zote sita zilitunguliwa; kati ya watu 18, walipona 5.

Baada ya hapo zilipewa hasa kazi ya kuwinda nyambizi, na Albacore, iliyotengenezwa ili ichukue mahali pake, iliondolewa kabla yake. Kikosi cha mwisho cha Swordfish cha mapigano kilivunjwa Mei 1945.