Homa Baada ya Damu Kumwagika Ubongoni

Labda una ndugu aliyelazwa hospitalini kwa sababu mshipa ulipasuka kichwani mwake. Hapa Kolwezi wengine wanapatwa hivyo kwa sababu ya nguvu ya damu, ugonjwa ambao watu wa mji huuita tansio. Hawakujua kwamba wanao, ama waliacha vidonge walipojisikia vizuri. Wengine wameanguka shimoni. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakachimba hata ndani ya nyua zao. Anayeanguka katika shimo la namna hiyo aweza kuumia kichwa, damu ikakusanyika ndani.

Siku za kwanza ninyi nyote mnaogopa ile damu, na ni haki. Kisha mgonjwa anafungua macho, anaita mtoto wake kwa jina, na watu wa nyumbani wanafurahi. Halafu, labda siku ya 6 au ya 7, mwili unakuwa moto, anasinzia, hajibu sawasawa na jana. Mmoja anasema, "Ni ile damu tu." Mwingine anasema, "Ni malaria." Somo letu ni juu ya siku hiyo. Kwa maana pengine ugonjwa wa pili umeingia, ambao mgonjwa hakutoka nao nyumbani. Aliupata hospitalini.

VIJIDUDU HUINGIA KWA NJIA GANI?

Ubongo umezungukwa na maji. Mtu mzima ana kadiri ya mililita 150 za maji hayo, nayo ni safi, hayana kijidudu hata kimoja. Mfupa wa kichwa na utando wa ubongo huyalinda. Lakini damu iliyomwagika yaweza kuziba njia ya maji, yakajaa na kuukandamiza ubongo. Hapo munganga hutoboa mfupa na kuingiza mpira mwembamba, ili maji yatoke katika mfuko. Mpira huo huokoa maisha. Nao ni mlango pia. Vijidudu vinavyokaa juu ya ngozi ya kila mtu bila kumdhuru hufuata mpira mpaka ndani. Vingine, vya hospitalini, vilivyokwisha kuzoea dawa nyingi, huingia kwa mikono. Mpira ukikaa siku nyingi, ukifunguliwa mara nyingi, hatari inaongezeka. Jeraha la operesheni linalotoa maji ni mlango wa namna ile ile.

Watu wa Kasulo wameniuliza kama ni vumbi la madini. Ni kweli kwamba mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba waliona kobalti nyingi katika damu na mkojo wa watu wa Kasulo, hasa watoto. Jambo hilo ni zito, nalo lina somo lake. Lakini kobalti si kijidudu, na homa hii haitoki kwake.

KWA NINI NI VIGUMU KUUJUA UGONJWA HUU?

Homa ya ubongo kwa mtu aliyekuwa mzima huonekana upesi: kichwa kinauma sana, shingo inakakamaa, anatapika, mwanga unamchoma macho. Lakini mgonjwa wetu alikuwa na hayo yote tangu siku ya kwanza, kwa sababu damu yenyewe huchoma utando wa ubongo. Yaweza hata kuleta homa bila kijidudu chochote. Tena aliyelala wiki nzima ana milango mingine ya homa: mapafu, mpira wa mkojo, sindano iliyo mkononi. Munganga atatafuta huko pia.

Na malaria? Katika nchi yetu mtu mzima aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu asiwe mgonjwa kwa ajili yake. Basi kipimo kikionyesha malaria, atibiwe malaria, lakini wasiache kutafuta. Nadhani hapa ndipo wengi wanapotea. Karatasi ya labo inasema malaria, roho zinatulia, na siku mbili zinapita. Katika ugonjwa huu siku mbili ni nyingi sana.

MAJI YENYEWE YAPIMWE

Njia ya kujua ni kupima maji ya ubongo. Kama mpira upo, huchukuliwa mpirani kwa usafi mkubwa. Kama haupo, munganga huchoma sindano mgongoni chini. Kazi hii ilianzishwa na Mjerumani Heinrich Quincke mwaka 1891, nasi tunaiogopa bado. Jamaa husema, "Mwenzetu mmoja alichomwa mgongo, akafa." Wengi waliokufa hivyo waliuawa na ugonjwa uliofanya wachomwe. Uti wa mgongo unaishia juu ya mahali pale. Sindano huingia chini yake, mahali penye maji na nyuzi zinazoelea tu. Lakini hatari moja ni ya kweli: kama damu nyingi bado inausukuma ubongo upande mmoja, kutoa maji chini kwaweza kuushusha ubongo na kumwua mgonjwa. Kwa hiyo munganga huangalia kwanza, mara nyingi kwa picha ya skana. Akisema, "Leo hatuchomi," si kwamba amemwacha mgonjwa wenu.

Katika labo wanahesabu chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Katika milimeta moja ya ujazo hazipiti 5 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. Lakini maji ya mgonjwa wetu yana damu, na damu huleta chembe nyeupe zake: kadiri ya 1 kwa kila nyekundu 500 mpaka 1,000. Basi mpimaji hulinganisha. Nyeupe zikipita kiasi kile, hasa zikiendelea kupanda kutoka kipimo hata kipimo huku nyekundu zikipungua, ni alama mbaya. Wanapima sukari pia. Katika maji huwa kadiri ya sehemu mbili kwa tatu za ile ya damu; vijidudu vikiwapo hushuka sana. Hakuna alama moja inayotosha peke yake, maana damu iliyomwagika huharibu kila hesabu kidogo. Ndiyo sababu wanarudia kupima, nanyi msiseme wanamtesa bure.

Mwisho wanapanda maji katika chakula cha vijidudu na kungojea vimee. Vingi huonekana kwa siku mbili tatu, vingine huchelewa: mashauri ya wanganga wa Marekani ya mwaka 2017 yanataka wangoje siku 10. Mgonjwa hawezi kungoja hivyo. Maji yakiisha kuchukuliwa, dawa huanza, kisha hubadilishwa kijidudu kikijulikana.

Na kama hakuna kilichomea? Huko Mbale, Uganda, kuna hospitali ya watoto wenye maji mengi kichwani. Wengi wao walipata hali hiyo baada ya ugonjwa wa vijidudu walioupata wangali wachanga, si hospitalini. Maji yao yalipopandwa, mara nyingi hakikumea kitu. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba, walipoyapima kwa njia mpya, waliona ndani yake kijidudu kiitwacho Paenibasilasi. Kumbe kilikuwamo.

WEWE UNAYELINDA MGONJWA

Muuguzi ana vitanda vingi. Wewe una kimoja. Asubuhi mwulize mgonjwa jina lake, na jina la mahali alipo. Kama jana alijibu na leo hajibu, usingoje munganga apite. Nenda ukamwite muuguzi, umwambie, "Jana alijua jina langu, leo hajui." Neno hilo lina faida kuliko kusema amezidi. Ukiona kitambaa cha kichwa kimelowa, ama maji ya mfuko yamekuwa mazito, sema. Usiufungue mfuko, usiumwage, usiuinue wala kuushusha, hata kama unataka kusaidia.

Ndugu wa kanisa wakija kumwona, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Wawili wanatosha kwa mara moja. Wengine waimbe nje.

Tena usimpe dawa ulizonunua mjini. Vidonge vichache vya antibiotiki haviwezi kuponya ubongo, lakini vinaweza kuzuia vijidudu visimee katika labo, na munganga asijue anapigana na nini. Kama amekwisha kumeza, hata nyumbani kabla ya kuja, usiogope kukemewa. Mletee munganga pakiti zenyewe, hata zilizo tupu, umwambie siku alipoanza kumeza.