Kilima cha Kwanza: Nishati Katika Treni za Michezo

Mtoto aliyezoea bembea anajua bila kufundishwa kwamba akiachiwa kutoka juu zaidi, atapita chini kwa kasi zaidi. Katika somo hili tunaeleza kwa nini iko hivyo, kwa kutumia treni ndogo za bustani za michezo huko Marekani, zinazopanda vilima vya chuma na kuteremka kwa kishindo.

Kuna aina mbili za nishati tunazopaswa kuzitofautisha. Nishati tuli ni ile ambayo kitu kinayo kwa sababu ya kuwa juu. Nishati mwendo ni ile ambayo kitu kinayo kwa sababu kinakwenda. Jumla ya hizo mbili huitwa nishati ya kimakanika. Treni inapoteremka, nishati tuli hupungua na nishati mwendo huongezeka. Inapopanda tena, mambo hugeuka.

Tuchukue mfano wa Millennium Force, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika bustani ya Cedar Point, jimbo la Ohio. Mota huivuta treni kwa waya nene wa chuma hadi kimo cha mita 94, kisha huiachia iteremke mita 91. Tufanye hesabu. Mvutano wa dunia ni 9.8, hivyo kila kilo moja hupata 9.8 × 91, yaani jouli 892 hivi. Tukizidisha kwa 2 na kutafuta kipeuo cha pili, tunapata mita 42 kwa sekunde, sawa na kilomita 152 kwa saa. Kasi halisi inayotajwa ni karibu kilomita 150. Tofauti hiyo ndogo ni kazi ya msuguano na hewa.

Tuone mambo mawili. Kwanza, tungamo halimo katika jibu: mnene na mwembamba hufika chini kwa kasi ileile. Pili, baada ya kuachiwa, treni haisukumwi tena. Ndiyo maana vilima vyote vinavyofuata ni vifupi kuliko cha kwanza.

Je, nishati ikipungua inakuwaje? Kingda Ka, huko New Jersey, haikuwa na kilima cha kwanza. Tangu 2005 hadi ilipofungwa mwaka 2024, mtambo uliirusha treni kwa kasi ya kilomita 206 kwa saa ili ipande mnara wa mita 139. Kwa hesabu tupu, kasi hiyo ingetosha kufika mita 167 hivi. Ziada hiyo ilihitajika, kwa kuwa msuguano na hewa hula sehemu yake njiani. Mara chache treni ilipungukiwa kidogo, ikashindwa kuvuka kilele na kurudi nyuma na abiria wake. Wahandisi walikwisha liona hilo: breki zilizowekwa chini ziliipokea salama. Hakuna shangwe ya abiria iliyoweza kuiongezea hata mita moja.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba asiyenacho hawezi kutoa. Treni hii inatuonyesha jambo hilo kwa chuma na hesabu. Kwetu waseminari, miaka ya malezi ni kilima cha kwanza. Kwa wazazi, ni sala na katekesi ya nyumbani. Kupanda huko ni polepole na huchosha. Lakini tukikifupisha kilima hicho, tutakwama katika vilima vya utume na vya ndoa. Na kwa kuwa msuguano haukosi, tusiridhike na kiasi cha kutosha tu, bali tuwe na akiba.

Zoezi: Treni iliyokaribia kusimama kileleni inateremka mita 20. Bila msuguano, kasi yake chini ni ngapi? (Jibu: karibu mita 20 kwa sekunde.)