Ritifaa ya Rang'we: Tuiulize Mashine Kwanza

Ng'oa na ngoa si kitu kimoja. Jino hung'olewa, lakini ngoa ni wivu. Kinachoyatenganisha maneno haya ni kialama kidogo kiitwacho ritifaa. Kwetu hapa kimo hata katika majina. Rang'we iko Kaunti ya Homa Bay, na majina mengi ya Kijaluo huku Migori huandikwa nacho.

Sasa sikieni yaliyotupata. Tulipoingiza daftari la wanachama katika kompyuta, wenzetu wa Rang'we hawakuonekana! Kumbe katika lugha ya SQL neno hufungwa kati ya ritifaa mbili. Mashine iliposoma 'Rang'we' ilidhani neno limekwisha penye Rang, ikakataa mstari mzima. Mtu anakosa jina lake daftarini kwa sababu ya kialama tu!

Dawa ni alama ya kinga, yaani alama inayoiambia mashine, "Hii inayofuata ni sehemu ya neno." Mara nyingi ni mkwaju wa nyuma: 'Rang\'we'. Lakini ngoja kwanza! Katika MySQL mwenye mashine anaweza kuizima kinga hiyo kwa mpangilio uitwao NO_BACKSLASH_ESCAPES. Tutajuaje basi? Tuiulize mashine yenyewe:

SELECT LENGTH('\\');

Jibu likiwa 1, mkwaju wa kwanza umemkinga mwenzake, kwa hiyo kinga inafanya kazi. Likiwa 2, yote miwili ni herufi za kawaida tu. Hapo tumia ritifaa mbili: 'Rang''we'. Njia hii hukubaliwa katika hali zote mbili.

Lugha ya PHP nayo ina funzo. Kabla ya toleo 5.4 la mwaka 2012, mashine nyingine ziliongeza mkwaju zenyewe, nyingine la. Mwandishi wa programu asiyeuliza kwa get_magic_quotes_gpc() aliongeza kinga ya pili, na jina likahifadhiwa hivi: Rang\'we. Aibu iliyoje!

Siku hizi njia iliyo salama zaidi ni kuipa mashine amri kando na jina kando, visichanganywe.

ZOEZI: Andika amri ya kuingiza neno ng'ombe (a) jibu likiwa 1, (b) jibu likiwa 2.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.