Kuuza Miaka, Kubaki Nyumbani

SWALI: Nasikia wazee wa Singapore huiuzia serikali nyumba zao, kisha wanaendelea kuishi humo humo. Inawezekanaje?

JIBU: Hawauzi nyumba, wanauza miaka. Fleti za HDB, shirika la nyumba la serikali, humilikiwa kwa hati ya miaka 99. Tuseme mzee wa miaka 70 amebakiwa na miaka 65 kwenye hati yake. Anaweza kujiwekea 30, ile 35 ya mwisho akairudishia HDB kwa malipo. Mpango ulianza 2009. Sharti mwenye fleti awe ametimiza miaka 65, na hati ibaki na angalau miaka 20 ya kuuza.

Ila asitegemee gunia la noti. Fedha huingia kwanza kwenye akaunti yake ya uzeeni katika CPF, mfuko wa akiba, na kwa kawaida mfuko humlipa kila mwezi hadi afe.

Penye mvutano ni urithi. Miaka ikishauzwa, fleti haiuzwi sokoni wala kupangishwa nzima, chumba tu. Kwangu mimi hiyo ni bei ya haki, ingawa watoto wengine watanuna. Mzee akifariki mapema, thamani ya miaka iliyosalia hurudishwa kwa warithi.