Mhakiki Amekaa Wapi? Mafunzo Niliyopata Nikihakiki Filamu Morogoro

Ukiandika kwamba filamu ya Kibongo ni mbovu, jibu la kwanza utakalopata ni kwamba una chuki binafsi. Ukiisifu, utaambiwa umepewa bahasha. Kwa miaka ambayo nimehakiki filamu na kuongoza mijadala ya watazamaji hapa Morogoro, shutuma hizo mbili zimenifuata kila mahali. Nyuma yake kuna swali zito: je, uhakiki wa filamu unaweza kuwa wa haki tupu, usioegemea popote, usio na alama yoyote ya aliyeuandika? Jibu langu ni hapana. Lakini sikubaliani kabisa na wanaotoka hapo wakasema basi kila mtu na maoni yake, mjadala umekwisha.

1. Filamu hiyohiyo haitazamwi mara mbili

Kibanda umiza cha Mji Mpya, hapa Morogoro, kina mabenchi ya mbao, joto la mabati, runinga na spika zinazozidi ukubwa wa chumba. Watu huzungumza na picha. Steringi akimpa adui mgongo, chumba kizima kinamwonya. Niliwahi kutazama na vijana wa mtaa huo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950 bila haraka. Kamera inatua usoni kwa mhusika wake Yasmin na kukaa hapo. Maneno ni machache na vivuli ni vingi. Vijana walilalamika kwamba inachelewa. Baadaye niliitazama na walimu wa Kiswahili walioifundisha riwaya yenyewe, nao wakalalamika kwamba imekimbia na kuwaacha njiani watu na visa vingi vya kitabuni.

Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Kasi ya filamu haimo kwenye filamu peke yake. Sehemu yake anakuja nayo mtazamaji, kutokana na alivyozoea kutazama. Mhakiki anayeandika kwamba filamu inachosha hana budi kusema inamchosha nani, aliyezoea nini.

Ndiyo maana namheshimu sana marehemu Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyewatafsiria Watanzania mapicha ya kigeni, Titanic ikiwemo, kwa kuweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Hakutafsiri maneno tu. Alifafanua, akaonya, akahukumu tabia za wahusika, akaongeza ya kwake. DJ Afro amefanya kazi ya jamii hiyo Kenya, na VJ Jingo Uganda. Kwangu hao ni wahakiki, na wamesikilizwa na watu wengi kuliko sisi tunaoandika magazetini. Walikuwa na upande, lakini upande wao ulisikika waziwazi. Mtazamaji aliona picha kwa macho yake huku akimsikia Lufufu kwa masikio yake, na alikuwa huru kabisa kumbishia.

2. Anayejitangaza kuwa hana upande achunguzwe zaidi

Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, chini ya William Sellers. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole, zisizo na ufundi mwingi wa kamera. Hayo hayakutolewa kama maoni ya ofisa mmoja. Yalitolewa kama matokeo ya uchunguzi. Wakati huohuo, wakazi wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakilipa viingilio kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani, wakizifuata bila taabu. Na Waafrika hawakuishia kutazama: mwanzoni mwa miaka ya 1950, kati ya walioigiza katika filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu alikuwamo Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Sellers hakuwa na kipimo cha akili ya mtazamaji. Alikuwa na cheo, na cheo kilimwezesha kuita dhana zake sayansi. Tangu niliposoma habari zake, kila nikikuta mhakiki anaandika kwamba filamu "haijafikia viwango vya kimataifa", natafuta katika makala nzima ni viwango gani na nani aliviweka. Mara nyingi sipati.

3. Mila ya mhakiki hujificha ndani ya neno "uhalisia"

Fundo hili ndilo lililonifunza zaidi, nami nitalieleza kwa kirefu.

Kuna kisa kilichorudiwa mno katika filamu zetu. Mume anafariki, ndugu zake wanafika na kelele, mjane anatolewa nje na watoto na masanduku, analia getini. Nilitazama filamu ya kisa hicho pamoja na akina mama wa upande wa Matombo, mlimani Uluguru. Wenzangu wa mjini walikuwa wameshaanza kufuta machozi. Mama mmoja mtu mzima akauliza, "Sasa huyu, mbona harudi kwenye shamba la kwao?" Wenzake wakaitikia kwamba hata wao wanashangaa.

Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo hukaa upande huo, na mjomba ana kauli kubwa juu yake. Mwanamke akiolewa hajakatwa kwao. Najua mambo yamebadilika: watu wananunua viwanja, akina baba wanawagawia watoto wao mashamba, na mjini ukoo hauna nguvu uliyo nayo kule juu. Hata hivyo, kwa akina mama wale filamu ilikuwa na tundu kubwa. Mwandishi alikuwa ametuomba tumlilie mwanamke asiye na pa kwenda, bila kutuambia kwa nini hana pa kwenda.

Tulikuwa na mwenzetu wa Kilimanjaro. Yeye hakuliona tundu lolote. Kwao ardhi hupita kwa wanaume, na hofu ya mjane haihitaji kuelezwa. Akasema akina mama wanahukumu filamu kwa mila zao. Wao wakamjibu, kwa adabu lakini bila kulegeza, kwamba na yeye anaitetea kwa mila zake.

Nani alikuwa na haki? Kutaja kabila la kila mmoja na kwenda nyumbani kusingetusaidia. Tulirudi kwenye filamu. Tukatafuta kisa kinatokea mkoa gani, marehemu ni mtu wa wapi, wazazi wa mjane wako hai au la. Hakuna kilichokuwamo. Ilikuwa nyumba ya kifahari isiyo na mkoa, na watu wasio na kwao. Mwandishi alimwachia mtazamaji ayajaze mwenyewe mapengo hayo kwa desturi alizokulia. Kwa hiyo swali la mama lilikuwa la haki, nalo liliigusa filamu yenyewe. Kama kisa kingewekwa Machame, kule Kilimanjaro, na hilo likaonekana, lawama ingekuwa dhaifu.

Hapo ndipo nilipoona uhakiki ukiikaribia zaidi haki katika kazi hii. Hakuna aliyeacha mila zake nje ya mlango. Kilichotuokoa ni kwamba palikuwa na mahali pa kurudi, filamu yenyewe, na kila mmoja aliweza kuonesha kwa kidole alichokiona. Katika uhakiki niliosoma juu ya filamu za wajane, sijakutana na mwandishi aliyeuliza swali la mama yule. Bila shaka wengi wetu tulidhani kisa hicho ni maisha ya Watanzania wote.

4. Tenganisha maswali: filamu ya mapanki

Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, wengi hapa nchini tuliijua kama filamu ya mapanki: mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki Mwanza baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Kule ilisifiwa sana. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar. Hapa, mwaka 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Hata Ufaransa haikukubaliana kwa sauti moja. Mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 akashinda.

Katika mijadala yetu Morogoro filamu hii imewasha moto kila mara, na nimegundua sababu. Watu hujibu maswali matatu kwa jibu moja. Je, imetengenezwa kwa ustadi? Je, inachodai ni kweli? Je, inawatendea haki watu inaowaonesha? Mzalendo anakasirishwa na la tatu, kisha anasema imepigwa vibaya. Mpenzi wa sinema anavutiwa na la kwanza, kisha anadhani la pili limethibitishwa.

Chukua suala la silaha. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazokuja kubeba minofu huleta silaha Afrika. Inajenga shaka hiyo kwa mazungumzo, kwa uso wa rubani anayesita kusema, kwa mpangilio wa picha. Haituoneshi silaha zikishushwa Mwanza. Hayo si maoni yangu, tazama mwenyewe. Juu ya msingi huo natoa hukumu ambayo ni yangu, na yeyote anaweza kuipinga: ni filamu yenye nguvu kubwa ya kisanaa, na ushahidi wake kuhusu silaha ni mwembamba mno kwa uzito wa tuhuma. Umaskini uliomo haukubuniwa. Lakini ilichagua kuitazama Mwanza yenye watu wengi na shughuli nyingi kupitia tundu moja la huzuni, na mkazi wa Mwanza ana haki ya kusema kwamba mji wake ni zaidi ya hapo.

Tuzo za Ulaya hazikuweza kumaliza ubishi huu. Hotuba ya rais nayo haikuumaliza.

5. Vipo vinavyopimika, na hivyo vitangulie

Muziki ukizima mazungumzo, huo si mtazamo wa mtu. Rudisha nyuma usikilize. Mhusika akiingia na shati jekundu na kutokea ndani na la bluu, kosa limeonekana. Honi inapigwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, geti linafungwa, na hadithi bado haijasogea hatua. Hapa mhakiki ajue pia soko lilivyokuwa: enzi za DVD, filamu ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mbili, na kisa cha filamu moja kikavutwa kijaze zote. Kasoro inabaki kasoro. Ila haki inataka lawama zimfikie na msambazaji, si mwongozaji peke yake.

6. Kupenda kwenu hakukuondolei haki ya kuhukumu

Nimekulia chini ya safu ya Uluguru. Filamu ikifunguka kwa kilele cha Bondwa chenye ukungu, moyo wangu unalainika kabla mtu hajatamka neno. Nalisema hilo wazi ninapoandika. Lakini mapenzi hayo yananipa pia maarifa asiyokuwa nayo mgeni.

Ziko filamu za mazingira zinazoeleza kwamba maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, huanzia milima hii. Mpangilio wake nimeuzoea: moto, mteremko mtupu, mtu na jembe, mto uliokauka, na sauti ya msimulizi ikieleza madhara ya kilimo. Mhakiki wa mbali atasifu picha na ujumbe. Mimi nakumbuka kwamba miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa hoja hizohizo za kuokoa udongo na maji, na kwamba mwaka 1955 upinzani ulifikia ghasia huko Matombo, mradi ukavunjika. Anayejua hayo hawezi kumsikia msimulizi kwa sikio la mgeni.

Je, hapo nina upande? Ninao. Ndiyo maana sitosheki na hisia zangu. Nachukua saa na kupima: mtaalamu amezungumza dakika ngapi, mkulima wa Mgeta huku milimani dakika ngapi, na ni nani aliyeoneshwa ameinama tu bila kuulizwa neno. Nikiandika kwamba filamu imemnyima mkulima sauti, naweka na dakika zenyewe, ili asiyenipenda wala asiyenijua aweze kuhakiki uhakiki wangu.

Ombi langu kwa wanaoandika ni dogo: mwambie msomaji ulitazama wapi, na nani, kwa lugha gani, na kama una undugu au urafiki na waliotengeneza filamu. Kwa wahariri wa magazeti na redio zetu ombi ni kubwa kidogo. Filamu kubwa ya Kitanzania ikitoka, msiridhike na mhakiki mmoja wa Dar es Salaam. Mtafuteni na mwingine aliyeitazama Matombo, Mwanza au Micheweni kule Pemba, wapeni wote wawili nafasi sawa katika toleo hilohilo, na wote muwalipe.