Uwanja wa Mpira wa Shule: Jinsi ya Kupanda Majani na Kuyatunza

Katika shule nyingi za Kenya uwanja wa mpira ni mahali palipofyekwa tu. Wakati wa kiangazi ardhi huwa ngumu kama sakafu, na mtoto aangukapo huchubuka magoti. Wakati wa mvua uwanja huwa matope, na maji yapitayo juu yake huchukua udongo mzuri na kuupeleka mtoni. Watu wengi hudhani kwamba uwanja wa majani ni jambo la matajiri, lenye kuhitaji mbegu za kuagizwa kutoka ng'ambo. Sivyo. Majani yafaayo yamo nchini, na mara nyingi hupatikana bila kununuliwa. Kinachotakiwa ni kazi iliyopangwa vizuri, na baada ya kazi, subira.

MAJANI YA KUCHAGUA

Katika nyanda za juu, kama vile Limuru, Nyeri, Molo na Kericho, hakuna majani yapitayo yale yaitwayo majani ya Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Hutambaa kwa mashina manene yenye vifundo, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi na chipukizi. Kwa sababu ya nguvu zake yamepandwa hata Afrika Kusini, Australia na Marekani. Uwanja wa gofu uitwao Riviera, mjini Los Angeles, ni maarufu kwa majani hayo.

Mahali penye joto, kama pwani na kando ya Ziwa Victoria, yafaa kupanda ukoka, ambao huvumilia jua kali. Namna ya kuupanda ni ile ile. Aina zote mbili hazipendi kivuli. Kwa hiyo uwanja usiwe chini ya miti mikubwa.

KUTENGENEZA ARDHI

Kosa kubwa hufanywa siku ya kwanza. Mahali penye mteremko, watu huchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini mpaka pawe sawa. Kwa kufanya hivyo udongo mweusi wenye rutuba huzikwa, na ule mwekundu mkavu wa chini ndio ubakio juu. Majani yakipandwa hapo hudhoofika. Njia iliyo bora ni kuuondoa kwanza udongo wa juu na kuuweka kando, kisha kusawazisha ardhi, na mwisho kuurudisha udongo ule na kuutandaza unene wa sentimita 15.

Uwanja usiwe bapa kabisa. Katikati pawe juu kidogo kuliko kando, ili maji ya mvua yapate njia. Kama upana ni mita 60, yatosha mstari wa katikati uzidi kando kwa sentimita 30. Upande wa juu wa mlima pachimbwe mfereji wa kukinga maji yatokayo nje. Kisha ardhi ilimwe, mawe na mizizi ya magugu iokotwe, na samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo.

KUPANDA

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua za masika. Mashina ya majani hukatwa vipande vyenye vifundo vitatu au vinne. Vipande vikatwe asubuhi na kupandwa siku ile ile, navyo vifunikwe kwa magunia yenye maji, kwa maana jua la saa chache laweza kuviua. Kila kipande hulazwa katika kifereji, kikafunikwa udongo, na ncha moja ikaachwa nje. Kisha udongo hukanyagwa kwa mguu ili ushikamane nacho.

Nafasi kati ya kipande na kipande, na kati ya mstari na mstari, iwe sentimita 30. Katika uwanja wa mita 100 kwa 60, mistari ikipita kwa upana, hupatikana mistari 333 yenye vipande 200 kila mmoja, yaani zaidi ya vipande 66,000. Hesabu hiyo yaweza kumtisha mtu mmoja, lakini shule yenye wanafunzi 333 yaweza kumpa kila mwanafunzi mstari wake. Mtoto aliyepanda mstari kwa mikono yake hawi mwepesi wa kuukanyaga.

KUUPUMZISHA UWANJA

Baada ya majuma machache uwanja huanza kuwa kijani, na hapo ndipo vijana huomba wacheze. Wasikubaliwe. Majani huonekana juu kabla mizizi haijashika chini. Mvua zikiwa nzuri, yapasa kungoja miezi mitatu au zaidi. Kipimo ni hiki: mtu ashike fungu la majani na kulivuta kwa nguvu. Likitoka pamoja na mizizi, bado; likikatika mkononi, mizizi imeshika.

Ng'ombe na mbuzi nao wasiingie. Kwato zao juu ya udongo wenye maji huacha mashimo ambayo kuyasawazisha ni kazi ya siku nyingi. Majani yaliyokatwa na yapelekwe kwao zizini.

KUKATA

Kanuni ni moja: kwa mara moja usikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Majani yanayotakiwa yawe sentimita 3 na yakatwe yafikapo sentimita 4 na nusu. Yakiachwa mpaka magotini na kufyekwa yote siku moja, hubaki mashina makavu ya rangi ya kahawia, na magugu hupata nafasi. Wakati wa mvua hukatwa kila juma. Wakati wa kiangazi ni mara chache. Asiye na mashine atumie fyekeo lenye makali, mradi afanye kazi mara kwa mara.

KULISHA NA KUTENGENEZA

Mvua zikianza, mbolea ya CAN yaweza kunyunyizwa, gramu 10 kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja mzima huhitaji kilo 60 hivi. Inyunyizwe majani yakiwa makavu, mvua ikiwa karibu, la sivyo yataungua. Mahali palipokanyagwa sana, hasa mbele ya magoli, padungwe kwa uma wa shamba kina cha sentimita 10 ili hewa na maji vipate kuingia. Palipotoka majani pazibwe kwa mabonge kutoka katika kitalu kidogo kilichopandwa pembeni.

Jambo moja la hadhari: majani ya Kikuyu hayajui mpaka. Yakiingia katika shamba la mahindi au la chai huwa gugu baya. Pande zote za uwanja pawe na mfereji, na mashina yanayouvuka yakatwe kila mwezi.

NENO LA MWISHO

Viwanja vingi vizuri haviharibiki kwa ukame bali kwa mchezo mmoja uliochezwa siku isiyofaa. Mvua imenyesha, wageni wamekwisha fika, na hakuna mtu apendaye kuwarudisha. Kwa dakika 90 kazi ya mwaka mzima hugeuka tope. Kwa hiyo kila shule imchague mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuufunga uwanja, na neno lake liheshimiwe na mwalimu mkuu, wachezaji na wazazi pia. Kipimo chake kiwe rahisi: mguu ukikanyaga na maji yakatoka kando ya kiatu, hakuna mchezo siku hiyo. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mmoja akiomba kucheza kidogo tu, uwanja utakwisha. Wakikubali wote kungoja, watoto wa miaka mingi ijayo wataucheza.