SOMO: MOSHI ULIONEKANA, LAKINI NI MOSHI WA NINI?



Juma hili tunajifunza namna ya kupima habari wakati jambo lenyewe halijaisha. Tuchukue mfano wa Goma, mwaka 2021.

Siku ya posho, tarehe 22 Mei, magaribi, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Tarehe 27 liwali wa jimbo akaamuru watu wa kartiye 10, katika zile 18 za muji, wahame. Wengine wakaenda Sake, wengine Bukavu, wengine wakavuka Rwanda, watoto mugongoni.

Tarehe 29 serikali ikatangaza kwamba Murara, volkano ndogo ya karibu, nayo imepasuka. Fikirini mama aliyelala Sake na watoto wake: akimbie tena? Aende wapi? Lakini siku ile ile serikali ikasahihisha. Watu walipita na ndege juu ya mulima, kumbe ni watu wanachoma makala.

Tuangalie vizuri hapa. Moshi ulikuwa wa kweli. Kosa liliingia pale moshi ulipopewa jina la volkano. Kwa hiyo maulizo ni mawili: «Umeona nini?» na «Unawaza ni nini?» Mara nyingi tunauliza la kwanza, mutu anatujibu la pili, nasi tunapokea tu. Tena: ulikuwa wapi, saa ngapi? «Wamenitumia kwa telefone» si jibu.

Tusiseme basi serikali haifai. Kusahihisha mbele ya watu wote ni alama ya musemaji anayeweza kusikilizwa tena. Sisi wenyewe, je? Habari ya kwanza tunaipeleka mbio. Ile ya kusahihisha tunaisoma, tunanyamaza.

Mutu atauliza: na amri ya tarehe 27, tungengojea mashahidi? Hapana! Wakikuambia uhame, hama. Utapima ukiwa njiani. Cha kungojea ni kutangaza.

Someni Luka 1:1-4, muone namna Luka alivyotafuta habari kwa walioona kwa macho, mbele ya kuandika.

KAZI YA NYUMBANI. Rafiki anakutumia neno hili: «Daraja limevunjika, watu wengi wamekufa, tumia wote upesi.» Andika katika kaye maulizo matatu utakayomuuliza. Kisha andika utafanya nini kama hajibu, na dada yako amepita njia ile asubuhi.